Upande wa Nyuma wa Daftari

Mbele ya daftari nimeandika viazi:
magunia mangapi, nani kalipa,
nani kaniahidi Jumatatu bila kutaja Jumatatu ipi.
Nyuma, ukiligeuza kichwa chini,
nimeandika michezo ya dunia.

Sitini na nne, Tokyo. Tulikwenda kwa jina la Tanganyika,
jina tulilokuwa tumeshaanza kulivua.
Medali: kistari.
Sitini na nane, Meksiko. Kistari.
Sabini na mbili, Munich. Kistari.
Vimenyooka, nilivipiga kwa rula ya shule.

Sabini na sita, Montreal.
Hapo wino umechuruzika.

Kaka yangu Anyitike alikuwa akipeleka maziwa
kutoka Isongole hadi barabara kuu,
kabla jua halijautoa mlima Rungwe blanketini,
debe mgongoni, miguu mitupu kwenye umande.
Watu hawakusimulia mbio zake.
Walisimulia kwamba maziwa hayakumwagika.
Mwalimu Mwaisumo alimpimia muda kwa saa isiyo na mshale wa sekunde,
sekunde akazihesabu kwa mdomo.

Wakamchukua kambini Kibaha.
Wakampa suti ya kijani, wakampa pasi ya kusafiria
yenye picha, kakodoa macho kama mwizi wa kuku.
Mama aliuza ndama amnunulie soksi.
Hadi leo sijui ni soksi gani zile.

Halafu redio ikasema hatuendi.
Soweto watoto walikuwa wamepigwa risasi na sare zao za shule,
na wachezaji wa New Zealand wakaenda kule kucheza raga
kana kwamba nyasi hazikusikia kitu.
Tulipiga makofi. Mimi pia, kwa nguvu.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, siasa yote nimeikariri,
ila sikujua kwamba hata haki
ikipita, huchukua kitu
katika nyumba ya mtu fulani.

Alirudi kwa basi la usiku, na ukungu wake.
Akaivua suti, akaikunja,
akauliza kama mbegu zimeshachipua.

Pasi aliitumia miaka mingi kwenye ushirika, ndiyo kitambulisho.
Karani mgeni akapekua kurasa zote, nyeupe.
"Ndugu, umesafiri mpaka wapi?"
"Mpaka Kibaha."
Karani alicheka. Kaka alicheka.
Mimi nilihesabu magunia upya.

Themanini, Moscow: fedha mbili!
Hapo niliazima kalamu nyekundu.
Redio ilikuwa moja, betri tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi,
na Anyitike hakukubali kukaa.
Alisimama mlangoni na matope yake,
na mtangazaji alipopandisha sauti mzunguko wa mwisho
nikaona vidole vyake vya mguu
vikijikunja, vikikunjuka, ndani ya katambuga.

Kisha vistari. Los Angeles, Seoul, Barcelona,
mstari baada ya mstari, rula imeshavunjika, napiga kwa mkono.
Sisi wa viazi tunaijua lumbesa:
gunia likijazwa kupita mdomo wake
anayeumia ni aliyelima.
Lakini watu saba tunawajaza nchi nzima,
tunashona juu kwa kamba,
wakirudi tunawauliza mbona mmepinda mgongo.

Alikufa mwaka wa London, mwezi Machi,
kwa hiyo kistari hicho hakukiona.
Mkewe Subilaga alinipa ile suti. Mikono imeliwa na nondo,
magoti mazima, hayajawahi kupiga magoti popote.

Siku hizi maziwa yanaletwa na kijana wa pikipiki.
Nusu yanamwagika njiani.

Jana nilikuwa natafuta deni la mtu wa Uyole
nikaligeuza daftari kwa makosa.
Mstari wa sabini na sita, safu ya Waliokwenda, pana sifuri.
Juu yake nimeandika jina lake kwa penseli, nyepesi,
na pembeni, kama ninavyofanya kwa wateja,
nikaanza neno moja: *ana*—

nikaishia hapo.
Sijaamua kama ni *anadai*
au *anadaiwa*.